Mteja Anakutafuta Wapi Sasa?

Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa majokofu kutoka Malindi, aliyealikwa kuzungumza na wenye biashara ndogo ndogo wa Kaunti ya Kilifi kuhusu tovuti. Tumeyachapa kama alivyoyatoa, kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala.

Nimepewa dakika ishirini, na nimeambiwa kuwa baada yangu kuna chai na mahamri, kwa hivyo najua fika nashindana na nani.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mimi natengeneza friji, friza na vyumba vya baridi. Karakana ilikuwa ya marehemu baba yangu. Niliirithi pamoja na vifaa vyake, madeni yake na wateja wake, ingawa kufikia wakati huo wateja walikuwa wachache kuliko madeni. Nataka niwaeleze walikwenda wapi, maana nilichukua muda mrefu kujua.

Wenye umri wangu mnakikumbuka kitabu cha simu. Kilikuwa kinene, na ndani yake kulikuwa na kurasa za njano ambamo biashara zilipangwa kwa kazi zake: maseremala, mawakili, wauza mbao, mafundi wa majokofu. Baba alikuwa na simu ya kuzungusha mezani, imetiwa kufuli dogo kwenye tundu la namba ili sisi watoto tusipige. Jina lake lilikuwa katika zile kurasa za njano, kwa herufi nzito, na herufi nzito zililipiwa. Sikuwahi kumsikia akiziita tangazo. Kwake zilikuwa kama kodi ya karakana: zinalipwa, basi.

Sasa fikirini kitabu kile kilikuwa kikimfanyia nini. Mtu mwingine alikusanya jina lake, akalipanga mahali pake, akalichapa, kisha likafikishwa mpaka meza ya mapokezi ya hoteli kule Watamu. Chumba cha baridi kikizima saa nne za usiku, kimejaa samaki na kamba wa wageni, meneja hakuhitaji kumjua baba wala kumjua anayemjua. Alifungua kitabu. Simu ililia nyumbani kwetu, baba akavaa shati, akapakia mtungi wa gesi nyuma ya pikipiki, akaenda. Asubuhi tulikula kamba. Baba hakuwa na kipaji cha kujitangaza, tena alikuwa mtu wa maneno machache mno. Kitabu kilimsemea.

Kisha mambo yakabadilika kidogo kidogo. Mwaka 1999 shirika la posta na simu liligawanywa, tukapata Telkom Kenya kwa upande wa simu na Posta kwa upande wa barua. Mwaka 2000 kampuni za simu za mkononi zikaanza kushindana kwa nguvu. Namba za miji nazo zikabadilishwa: Mombasa iliyokuwa 011 ikawa 041, na kila kitabu kilichokuwa mezani kikawa kimepitwa. Nyaya za shaba zikaanza kuibwa. Yetu ilikatwa mara mbili, na mara ya pili baba alisema haina haja tena, akanunua simu ya mkononi. Sote tulifurahi. Hakuna aliyefikiri kwamba kile kitabu kiliorodhesha simu za waya, na kwamba fundi anayehamia simu ya mkononi anajitoa kitabuni kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu kitabu chenyewe kikaacha kuja. Pale karakanani kwetu hakuna aliyetuambia kuwa kimefika mwisho. Mwaka mmoja hatukukiona, na mwaka uliofuata hatukuuliza. Uingereza angalau waliagana nacho: kurasa zao za njano zilianza mji wa Brighton mwaka 1966, na nakala za mwisho kabisa za karatasi zikapelekwa mji huo huo wa Brighton mwezi wa Januari 2019.

Wale mameneja wa zamani waliokuwa na namba ya baba vichwani walistaafu au wakahamia Diani. Wapya hawakumjua. Simu zikapungua, nasi tukajipa maelezo: utalii umeanguka, Waitaliano hawaji kama zamani, watu siku hizi wananunua friji mpya badala ya kutengeneza. Mengine yalikuwa na ukweli ndani yake. Baba aliamini kuwa kazi yake haihitajiki tena, na aliishi na imani hiyo mpaka mwisho.

Mwaka mmoja na kitu baada ya mazishi, alikuja kijana karakanani kuomba kuazima pampu ya kutolea hewa kwenye mfumo, yake ilikuwa imeharibika njiani. Nikamuuliza anatoka wapi. Mombasa. Anafanya kazi wapi? Kwenye hoteli ambayo kutoka mlangoni kwangu ni dakika kumi kwa tuktuk. Ametoka Mombasa, kilomita kama 120, kuja kutengeneza chumba cha baridi ambacho baba alikifunga kwa mikono yake mwenyewe! Nikamuuliza walimjuaje. Akasema, kwa upole kabisa, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto: walinitafuta kwenye simu, tovuti yangu ikatokea.

Nikampa pampu. Usiku ule nilichukua simu yangu nikaandika maneno ambayo nadhani meneja yule aliyaandika. Wakatokea mafundi wa Mombasa, wakatokea wa Nairobi, likatokea duka la friji la Dubai. Karakana iliyoko Malindi miaka yote hiyo haikuwepo. Yaani kwa mtu asiyetujua, tulikuwa tumefunga.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonileta hapa. Wengi mnasema, wateja wangu wananijua. Ni kweli, wanaokujua wanakujua. Mimi nazungumzia yule aliyehamia Mtwapa juzi, yule aliyenunua kiwanja Kikambala na yuko Ujerumani, yule meneja mpya. Zamani kitabu kilikutambulisha kwao. Leo hakuna anayekusanya jina lako na kulipeleka mezani kwao. Usipoliweka mwenyewe, haliko.

Nilikimbilia tovuti, na ya kwanza ilikuwa hasara. Nilimpata kijana mmoja mchangamfu, nikamlipa, akanitengenezea kitu cha kupendeza sana. Ukifungua muziki unalia. Picha zinapishana, barafu inadondoka kutoka juu. Niliwaonyesha jamaa wote. Kwa miezi minane hakupiga simu mtu hata mmoja, isipokuwa mtu wa kuniuzia bima.

Nilipotulia niliona makosa yake, nayo yalikuwa yangu pia. Kwanza, ilikuwa nzito. Mteja wangu yuko Gongoni kwenye mtandao unaokatika, ana bando la shilingi ishirini, samaki wake wanaanza kunuka. Hatasubiri barafu idondoke. Pili, namba yangu ya simu ilikuwa ndani ya picha. Kwenye picha mtu hawezi kuigusa ikapiga. Inabidi atafute kalamu. Na kile chombo cha kutafutia kwenye intaneti husoma maandishi. Namba, bei na jina la mtaa ukivichora ndani ya bango, huenda kisivione kabisa. Wale mnaotengenezewa mabango mazuri ya WhatsApp na kuyabandika kwenye tovuti kama yalivyo, hili ni lenu.

Tatu, na hili ndilo lililonichekesha baadaye, maneno. Tovuti ile ilisema, kwa Kiingereza cha suti na tai, kwamba sisi ni watoaji wa suluhisho za kisasa za ubaridi. Jamani, nani friza yake imekufa akaandika hivyo kwenye simu? Anaandika: friza haigandishi. Anaandika: fundi wa friji Malindi. Anaandika: friji inavuja maji chini. Sasa ukurasa wangu una maneno hayo hayo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kuna aya moja ya Kiitaliano aliyonisaidia jirani, kwa sababu ya wenye nyumba wa Kiitaliano pale Malindi. Kila moja nimeiandika jinsi mteja anavyoniambia kwenye simu. Kabla hujamlipa mtu akuandikie, kaa na daftari wiki moja dukani, uandike maneno ya kwanza ya kila mteja anayepiga au anayeingia. Ukimaliza wiki, tovuti yako imeshajiandika nusu.

Ukurasa ninaoutumia leo ni mmoja tu, hauna urembo. Juu kabisa pana jina la karakana, kazi yetu kwa sentensi moja, na namba ya simu inayoguswa ikapiga. Chini yake: tunahudumia kutoka Kilifi mjini hadi Mambrui, Marafa kwa mipango. Saa za kazi. Namba ya Till na jina linalotokea mteja akilipa, ili akiliona tofauti asitume. Namba ya leseni ya biashara ya kaunti, kwa sababu mwenye nyumba aliye mbali anataka kujua anamfungulia nani mlango. Picha tatu za kazi tulizofanya sisi, nimezipunguza uzito, si picha za wazungu waliovaa helmeti. Na mahali tulipo.

Hapo kwa mahali tulipo nisimame kidogo, maana Wakenya sisi anwani zetu zinajulikana. Mkabala na ile nyumba ya rangi ya bluu, nyuma ya kwa mama nani. Nyumba ile imeshapakwa rangi ya maziwa, na mama nani alihama! Weka biashara yako kwenye ramani ya Google. Kuiweka hakulipiwi, mtu akikupigia akisema ametumwa na Google na unatakiwa ulipie usajili wa ramani, mkatie simu. Pini ile uiangalie mwenyewe kama imesimama mlangoni pako. Yangu ilikaa miezi kwenye kisima cha jirani, na boda boda wakawa wanamletea jirani friji za watu.

Halafu bei. Najua mtapiga kelele. Nimeona kurasa za ndugu zangu hapa: picha nzuri ya kitanda cha mvule, na chini yake, bei inboksi. Mteja mmoja kati ya wale wanaotazama atauliza, wengine wanaondoka wakidhani ni ghali. Sisemi uandike bei ya kila kitu. Mimi siwezi kujua bei ya kutengeneza friza kabla sijaifungua. Lakini nimeandika ada ya kuja kuangalia, kwamba ukikubali kazi ada hiyo inaingia ndani ya bei, na kujaza gesi friji ya kawaida kunaanzia kiasi gani. Tangu niandike hivyo nabishana kidogo sana. Anayepiga simu ameshakubali nusu ya mambo.

Kuna wanaoniuliza: mbona nina Facebook, nina TikTok, nina WhatsApp, tovuti ya nini? Sitaki mfunge hizo. WhatsApp ndiyo kaunta yangu. Mazungumzo na wateja yanafanyika pale. Ila ule ukurasa si wako, umepanga. Rafiki yangu anauza madera na leso, alikuwa na ukurasa wa maelfu ya wafuasi. Asubuhi moja nenosiri likakataa. Matapeli walikuwa wamemwingilia, wakabadilisha namba ya simu, wakaanza kupokea malipo ya awali ya madera ambayo hayakuwepo. Watu walikuja dukani kwake na hasira wakidai pesa ambazo hajaziona. Alikuwa mkweli tangu siku ya kwanza, lakini hakuwa na mahali pengine pa kusema: mimi ndiye, namba yangu ni hii. Tovuti yenye jina lako ndiyo mahali hapo.

Na jina lenyewe ndilo nimeliweka mwisho makusudi, kwa kuwa ndilo lililoniumiza zaidi. Majina ya tovuti yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KENIC, na yanauzwa na mawakala walioidhinishwa. Ya biashara kwa kawaida ni .co.ke, na kwa wakala wa kawaida utatoa kama shilingi elfu moja hivi kwa mwaka. Pesa ya jina ni mbali na pesa ya mahali pa kuhifadhi tovuti. Jina linalipiwa kila mwaka, kama leseni. Usipolipa, kuna muda wa kukumbushwa, kisha linaachiliwa na mtu mwingine anaweza kulichukua.

Mimi sikuyajua haya. Yule kijana mchangamfu alisajili jina kwa barua pepe yake na simu yake. Hakuwa mwizi, nadhani alitaka kunirahisishia. Kisha akapata kazi Qatar, akaondoka. Vikumbusho vya kulipa vilikwenda kwenye barua pepe aliyoiacha kuitumia. Siku moja nafungua tovuti yangu, haipo. Jina la baba, ambalo lilikaa kwenye kitabu kwa herufi nzito miaka mingi, nilikuwa nimelisajili kwa mtu mwingine bila kujua. Nililazimika kuchukua jina jingine, refu kidogo, na kubadilisha stika za gari na stakabadhi.

Kwa hivyo, tafadhali. Mwite kijana akutengenezee, wapo wazuri wengi kaunti hii na wanahitaji kazi. Lakini kaa kando yake wakati anasajili. Jina la mwenye tovuti liwe lako au la biashara yako. Barua pepe iwe unayoifungua kila wiki. Risiti ije kwako. Nenosiri liandike kwenye daftari, ulifungie pamoja na hati ya kiwanja. Kijana mwema hatakasirika. Akikasirika, umejifunza jambo mapema.

Nikiwa hapo hapo, sheria. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ukiweka picha ya mteja kwenye tovuti kwa ajili ya kujitangaza bila idhini yake, unaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Data. Mwaka 2023 sehemu moja ya burudani ya Nairobi ilitozwa faini inayozidi shilingi milioni moja kwa kuweka picha ya mteja bila ruhusa. Wenye saluni na wapambaji maharusi mnaopenda kubandika nyuso, ombeni kwanza, na iwe kwa maandishi. Biashara ndogo, yenye mauzo yasiyofikia milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, kwa kawaida haidaiwi kujisajili na ofisi ile, lakini wenye nyumba za wageni na wanaotoa huduma za afya wanadaiwa hata wakiwa wadogo. Waulizeni maafisa walioko hapa, msiishie kwangu.

Tovuti ikishafunguka, kazi haijaisha. Kitabu cha simu kilikuwa na udhuru, kilichapwa na hakiwezi kujirekebisha. Sisi hatuna udhuru huo. Mimi mwenyewe niliandika Desemba kwamba tumefunga kwa sikukuu, nikasahau mpaka mwezi wa tatu. Mteja wangu wa zamani, mwenye duka la samaki, alipita akaniambia, kumbe mnafanya kazi? Sasa kila tarehe mosi, nikishalipa mishahara, naufungua ukurasa kwenye simu ya mfanyakazi wangu, si yangu, nikausoma kama mgeni. Nagusa namba nione kama inalia.

Mtaniuliza, imelipa? Sitawadanganya kwamba nimetajirika. Ile hoteli iliyoita fundi wa Mombasa ilinipigia karibu mwaka mmoja baada ya ukurasa wa pili. Meneja hakujua kuwa baba yangu ndiye aliyefunga chumba kile. Nilipofungua kifuniko cha mashine nikakuta mwandiko wake kwa kalamu ya bati, tarehe na kipimo cha gesi. Niliandika tarehe yangu chini yake, nikafunga kifuniko.

Naona harufu ya mahamri imefika, lakini mzee mwenye kofia ya kiua pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja bei. Mzee wangu, tuanze na wewe. Na wewe mama wa madafu, usiondoke, nitakuonyesha ile pini ya ramani kwenye simu yako mwenyewe.